Je, wajua kwa nini mtoto wa pembezoni mwa Dodoma anaipita shule ya karibu na kwenda kusoma ya mbali?

Asubuhi ukipita maeneo mapya ya Dodoma, iwe Nzuguni, Nala au njia ya Ihumwa, unaweza kukuta watoto wa sare wanapishana barabarani, hawa wanaenda kule na wale wanakuja huku, na kuna wanaoipita kabisa shule ya serikali iliyo karibu na kwao. Kwa nini?

Watu wengi wanajibu haraka kwamba wazazi wanafuata ufaulu. Hiyo ipo, hasa kwa wenye hela ya ingilishi midiam na basi la shule. Ila kwa shule za serikali kuna imani nyingine imekaa vichwani mwa watu na ndiyo inayowaponza wanaponunua kiwanja, kwamba eneo la shule limepangwa kwa umbali, yaani shule iko katikati halafu kuna duara limeizunguka, ukijenga jirani basi shule ni yako. Haiko hivyo. Shule za serikali kwa kawaida zinaenda na mtaa na kata. Kule sekondari ndiyo wazi zaidi, maana miaka ya 2000 ilikuja ile kampeni ya kila kata iwe na sekondari yake, ndiyo maana hadi leo tunaziita shule za kata. Sasa Jiji la Dodoma lina kata 41 na mipaka yake iliwekwa kwa ajili ya utawala na kumchagua diwani, miguu ya mtoto wa miaka saba haikuwa kwenye hesabu. Shule nayo ikajengwa pale eneo lilipopatikana, hata kama ni pembeni kabisa mwa kata. Na kuna kitu wazazi wanakigundua wamechelewa: kwenda kidato cha kwanza, kinachoangaliwa kwa kawaida ni mtoto kamalizia msingi wapi, sio analala wapi. Umehamia nyumba mpya akiwa darasa la saba, anaweza kupangiwa sekondari ya kule mlikotoka.

Kuelewa mpaka wa haki kwa mtembea kwa miguu ungekuwaje, fikiria chapati za maji. Umemimina upawa mmoja upande huu wa kikaango na mwingine upande ule, kwa wakati mmoja. Uji wa unga unatanuka taratibu kila upande mpaka unakutana, na pale unapokutana ni katikati, hakuna aliyeupangia. Kila sehemu ya kikaango imefunikwa na upawa ulio karibu nayo. Mipaka ya shule ikitokea hivyo hakuna mtoto anayeipita shule moja kwenda nyingine. Kata zinafanya kinyume, kikaango kimechorwa mistari kwanza kwa kisu, halafu kila chumba kikamiminiwa upawa wake popote penye nafasi, hata ukingoni mwa mstari, na unga umekatazwa kuvuka. Halafu weka bonde kwenye hicho kikaango, unga unazama na kuchelewa, na hata ule mstari wa katikati unahama. Dodoma hilo bonde lipo kweli, ni korongo.

Tena korongo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana kwenye simu. Ramani inakuambia shule iko mita 600, lakini kama kivuko kiko mita 700 juu, mtoto anapanda 700 na kushuka 700, tayari ni kilomita 1.4 kabla hujahesabu upana. Reli na kuta ndefu za taasisi zinafanya hivyohivyo. Mtoto mdogo akienda mwendo wa kilomita 3 kwa saa, hiyo 1.4 ni karibu nusu saa, kwenda tu. Na mvua za Dodoma ni za Desemba mpaka Aprili, shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo darasa la kwanza linaanza safari zake korongo likiwa na maji. Hili linaniuma kwa kweli.

Kumhamisha mtoto shule kupo. Ila shule unayoitaka lazima ikubali kwanza kwamba ina nafasi, halafu barua inapita kwa walimu wakuu na ofisi ya elimu, na namba ya PREM, yaani namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, inahamishwa pia ili mtoto afuatwe na kumbukumbu zake. Kigingi ni hiyo nafasi. Kiwango cha msingi ni wanafunzi 45 darasa moja, na shule ya eneo jipya hujaa haraka, kwa hiyo anayekaa ng'ambo ya barabara lakini kata nyingine anasubiri.

Kinachosikitisha ni kwamba mpango wa mji wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulitaka Dodoma iwe mji wa kutembea kwa miguu na kupanda basi. Halafu 2016 vikaja vitu viwili pamoja, elimu bila ada na serikali kuhamia, na watu wa jiji wakatoka karibu 411,000 sensa ya 2012 hadi zaidi ya 765,000 ile ya 2022. Viwanja vikakimbia kuliko madarasa.

Dawa iliyo karibu zaidi na chapati zetu ni shule shikizi, vile vyumba vichache vya wadogo vinavyojengwa mbali na shule mama ili wasitembee sana. Fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 zilipangiwa madarasa 3,000 ya shule shikizi nchi nzima. Shikizi inaweza kukaa ng'ambo hiyohiyo ya korongo wanapoishi watoto, na ikikua ikasajiliwa inakuwa shule kamili. Kwa hiyo kama unatafuta kiwanja, muulize mwenyekiti wa mtaa kiko kata gani, watoto wa hapo wanaandikishwa wapi na kama kuna shikizi inajengwa, halafu itembee hiyo njia kwa miguu mwezi wa kwanza.