Utafiti wa awali wa madini, na hii habari ya platini ya Haneti

Haipiti muda bila mtu kusema Dodoma kuna platini, ile metali ya thamani. Ukimuuliza iko wapi anakwambia Haneti. Ukimuuliza nani kaiona anakwambia kampuni zilishakuja pale na mashine, zikachoronga (yani zikatoboa mwamba), zikabeba mawe, zikaondoka, sasa zilikuja kufanya nini kama hakuna kitu? Wa almasi naye yupo, yeye yake iko Singida na kwa uhakika zaidi, kashakuwekea na bei. Alafu anadakia dalali wa mashamba, heka iliyokuwa inauzwa bei ya kawaida huko Chamwino imepanda kisa "eneo lina leseni ya madini". Leseni gani? Hajui, ila ipo.

Sasa leseni inayosemwa mara nyingi ni ya utafutaji, na kinachofanyika chini yake mwanzoni ndo kinaitwa utafiti wa awali. Maana yake ni fupi tu: kuchukua eneo kubwa na kutafuta dalili ili ubaki na eneo dogo. Unaanza mezani na ramani na ripoti za zamani, inafuata ndege ya kupima sumaku na mionzi, wanakuja watu wa kuokota mawe na kujaza udongo kwenye vifuko, mitaro mifupi, na mwishoni kabisa kama dalili zinaeleweka mashimo machache ya kuchoronga. Hakuna anayechimba hapo na hakuna anayeuza kitu. Kwa Sheria ya Madini ya 2010 leseni ya utafutaji inatolewa miaka 4, inaweza kuongezwa 3 alafu 2, na ukiomba kuongezewa unatakiwa uachie nusu ya eneo. Yani sheria yenyewe inajua kuwa sehemu kubwa ya ulichoomba haitakuwa na kitu.

Hiyo ndo maana, imeisha. Kinachonikera ni kingine, ni hii tabia ya kuchanganya dalili na madini. Watu wanalichukua neno "kugundua" wanalipaka kila mahali, ndege ikipita wamegundua, wakiokota jiwe wamegundua, maabara ikitoa karatasi wamegundua. Kukuta kwato njiani sio kuwa na ng'ombe zizini, na kijiolojia hapa katikati ya nchi kuna kwato nyingi sana.

Tuanze na almasi. Watu wengi wanajua almasi inapatikana kwenye kimberlaiti, na hapo wako sawa, ila almasi haizaliwi humo. Inatengenezwa chini sana, kilomita 150 na zaidi, chini ya mabara yaliyozeeka na kutulia, na kimberlaiti ni magma, yani mwamba ulioyeyuka kwa moto, yenye gesi nyingi inayopanda kwa kasi kutoka huko huko na kubeba kilichopo njiani. Ikipita penye almasi inabeba almasi, isipopita inafika juu mikono mitupu, na nyingi zinafika mikono mitupu au na vipande vichache visivyolipa hata mafuta ya mashine. Mwamba wetu wa zamani unaoanzia Kanda ya Ziwa, ukapita Tabora na Singida mpaka ukaingia Dodoma ni mahali pazuri kabisa pa kutafuta, ndo maana kimberlaiti zimepatikana Shinyanga, Nzega mpaka Singida. Ila katika zote hizo mgodi mkubwa uliosimama ukadumu ni Mwadui, ule aliougundua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Bomba la Mwadui, yani ile njia iliyopandia kimberlaiti na kuganda humo, kwa juu lina eneo la hekta 146 hivi, ni kati ya makubwa kabisa duniani, na ndo lilitoa ile almasi ya waridi ya karati 54.5 mwaka 1947 aliyopewa Elizabeth kabla hajawa malkia. Kwahiyo mtu akisema "Singida kuna kimberlaiti" kasema kweli tupu. Akiongeza "kwahiyo kuna almasi" hapo karuka mto bila daraja.

Na hata hiyo Mwadui yenyewe usifikiri mtu anaokota. Unaponda tani mia za mwamba unapata karati chache, na karati tano ni gramu moja. Ndo maana kwenye almasi huwezi kuchukua kilo mbili za mawe ukapeleka maabara ukarudi na jibu, utapata sifuri hata ukiwa umesimama juu ya mgodi. Kinachotafutwa mwanzoni ni wasindikizaji wake, yani punje za madini mengine yanayopanda na kimberlaiti na ni mengi kuliko almasi yenyewe: ganeti yenye wekundu wa zambarau, ilmenaiti nyeusi, dayopsaidi ya kijani yenye kromu. Unachekecha udongo, unazitafuta, unafuata mkondo kuelekea zinakotoka.

Botswana wanaijua hii vizuri. Mwaka 1955 watafiti walipata almasi tatu ndogo kwenye mchanga wa mto Motloutse, wakafuata mto kwenda juu mpaka kwenye chanzo, hola, kumbe ardhi ilishainuka zamani na kuukata mto, chanzo halisi kiko mbele zaidi. Orapa ilikuja kupatikana 1967. Miaka 12 mkononi una almasi kabisa, sio dalili, almasi, na bado hujui bomba liko wapi. Na kwenye nchi zenye mchanga juu, watafiti wanachukua udongo wa vichuguu, maana mchwa anashuka chini kutafuta unyevu na anapopandisha udongo anapandisha na hizo punje. Kwahiyo ukimkuta kijana na chekeche anahangaika na kichuguu huko Manyoni usianze kuulizia mganga wake, yuko kazini.

Ila kuna mtego hapa. Ganeti sio lazima itoke kwenye kimberlaiti. Ukitoka Mpwapwa kuelekea Morogoro mwamba wake ni ule uliopikwa na joto na kugandamizwa, una ganeti kibao, nzuri tu, nyingine zinakatwa za vito, na hazihusiani na almasi hata kidogo. Tofauti iko kwenye kemia, kiasi cha kromu na kalsiamu, na hiyo huioni kwa macho wala kwa tochi, ni mashine ya maabara. Mzee mwenye kopo la ganeti nyekundu anaposema "mtaalam alisema hizi ni dalili ya almasi" inawezekana kabisa mtaalam alisema, ila alisema za aina ile, sio za kopo lako.

Tuje Haneti sasa. Haneti inajulikana kwa krisopresi, lile jiwe la kijani linalochimbwa na wachimbaji wadogo kwenye vilima vya huko. Ukijani wake unatokana na nikeli. Mlolongo unaenda hivi: krisopresi ina nikeli, nikeli inakaa na platini, kwahiyo Haneti kuna platini. Inasikika vizuri, nimesikia mpaka watu wenye shahada wanaitoa.

Shida iko katikati. Nikeli ya kwenye krisopresi imetokana na mwamba mweusi mzito wenye magnesi nyingi, wenyewe wanauita ultramafiki, ambao una nikeli kidogo kidogo ndani ya madini yake ya kawaida. Mvua na jua vya miaka mingi vikaulainisha, nikeli ikatoka, maji yenye silika yakaibeba na kuganda kwenye nyufa, ukapata jiwe la kijani. Hiyo ni kazi ya hali ya hewa juu juu. Nikeli inayokaa na platini ni nyingine, ni ile iliyoshikwa na salfa wakati magma bado iko chini ina moto. Matone ya salfaidi, yani salfa iliyoungana na metali, yakijitenga ndani ya magma yanazoa nikeli, shaba na ndugu wote wa platini, palladi, rodi, iridi na wenzao, yanatua chini na kukusanyika. Bila salfaidi kujitenga hiyo platini inabaki imesambaa humo ndani kiasi ambacho hakimfaidishi mtu. Kwahiyo jiwe la kijani linakwambia aina ya mwamba ipo. Halikwambii kama salfaidi ilijitenga, na hilo ndo swali lote la platini.

Ndo maana kampuni zimeenda Haneti. Swali ni zuri na mwamba ni wa aina inayostahili kuulizwa. Lakini bado ni swali, sio jibu.

Na platini yenyewe haionekani. Kule Afrika Kusini kwenye Bushveld, eneo lenye migodi ya platini, tabaka la Merensky lililopatikana 1924 mara nyingi unene wake haufiki hata mita moja, na kinachotolewa humo ni gramu chache kwa tani. Mtu mwenye jiwe linalong'aa mfukoni akakwambia "hii platini hii" ana mika, au ana pairaiti, au ana haraka ya kuuza.

Alafu kuna jambo la mashine. Mashine inayotoa mhimili mzima wa mwamba, zile fimbo za mawe zinazopangwa kwenye maboksi, inaitwa daimondi drili. Inaitwa hivyo kwa sababu ncha yake ina vipande vidogo vya almasi ya kiwandani vya kukatia mwamba. Inatumika kwenye dhahabu, kwenye nikeli, kwenye shaba, mpaka kwenye kupima msingi wa daraja. Vibarua wanasikia "daimondi, daimondi" siku nzima, jioni kijiji kizima kinajua wageni wanatafuta almasi. Sijui ni vijiji vingapi nchi hii vinasubiri mgodi wa almasi kwa sababu ya jina la ncha ya chuma.

Ndege nazo. Wizara ya Madini ina mpango wa kupima nchi kwa jiofizikia ya kina kutoka asilimia 16 ya eneo la nchi kufika 50 ifikapo 2030, kwahiyo mtaziona zinapita chini chini mistari mistari kama zinalima. Ndege haioni madini. Inapima sumaku ya miamba na mionzi yake, ikirudi inatoa ramani yenye rangi, na penye rangi tofauti na jirani yake panaitwa anomali. Kimberlaiti inaweza kuonekana kama duara kwenye ramani ya sumaku, ni kweli, ila na vitu vingine vingi vinaonekana duara. Anomali ni mahali pa kwenda kuangalia kwa miguu.

Na hivo vifuko vya sampuli wanavyobeba, hapana, hawaibi madini. Kilo kadhaa za mwamba wa platini, hata ungekuwa mzuri kama wa Bushveld, ndani yake kuna milligramu. Kupeleka sampuli nje ya nchi kunahitaji kibali, na taarifa za utafiti zinatakiwa kuwasilishwa serikalini. Data za jiolojia za nchi ziko hapa hapa Dodoma kwa GST, taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini iliyoanza tangu 1925, mtu anaweza kwenda kuulizia ramani ya eneo lake badala ya kumsikiliza dalali.

Hatua za mbele sitazichambua sana. Dalili zikikubali wanachoronga kwa mpangilio mpaka wanakadiria rasilimali, yani kiasi na ubora wa kilichopo chini. Rasilimali ikipimwa kiuchumi, bei, umeme, barabara, kodi, fidia ya wananchi, sehemu inayolipa ndo inahesabika kuwa mashapo ya kuchimbika. Kabanga kule Ngara nikeli yake inajulikana tangu miaka ya 1970, leseni kubwa ya uchimbaji imekuja kutoka 2021. Hiyo ni sehemu ambayo madini yapo, hakuna anayebisha.

Turudi kwenye lile swali, kama hakuna kitu kwanini walikuja na kwanini waliondoka. Walikuja kwa sababu hawakujua, ndo kazi yenyewe. Kuondoka kuna sababu nyingi: hela imeisha, bei ya nikeli imeshuka, mashimo yametoa namba ndogo, au wamepata eneo zuri zaidi kwingine. Katika zote hizo hakuna inayomaanisha wameficha. Mtu mwenye mashapo ya platini hafungi maboksi akaondoka kimya, anatangaza asubuhi hiyo hiyo ili hisa zake zipande.

Kwahiyo mzee wangu wa Haneti, na wewe dalali pia, ukiulizwa sema hivi: kuna krisopresi, hiyo inachimbwa na kuuzwa. Kuna mwamba unaoweza kubeba nikeli ya salfaidi. Platini imetafutwa. Na heka yako iuze kwa bei ya mtama na alizeti, maana leseni ya utafutaji ina jina la mtu mwingine.