Katuni iliyorejeshwa: imerejeshwa kutoka wapi?

Boksi lilinifikia hapa Mwanga, Kigoma, likiwa limebonyea pembe moja. Ndani yake diski nne, na kwenye kava imeandikwa kwamba katuni zote humo zimerejeshwa. Kijana anayeturushia muvi kwenye flashi mtaani kwetu aliligeuza mbele nyuma, akaniambia, "Kaka, hizi ninazo zote, tena HD. Sasa hizi zako zimerejeshwa kutoka wapi?"

Aligusa penyewe. Nimekusanya katuni za zamani tangu enzi za kanda na TV za chogo, na sijapata njia fupi zaidi ya kuielewa dhana hii kuliko swali lake hilo.

Kurejesha katuni ni kuitafuta filamu iliyo karibu kabisa na ile iliyokuwa ndani ya kamera siku michoro ilipopigwa picha, kuisafisha, kuipitia fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, kuondoa kilicholetwa na miaka na kuacha kilicholetwa na mikono ya wachoraji. Baada ya hapo ndipo hutolewa nakala mpya ya kuuzwa kwa diski. Kuchukua faili lililopo, kulikuza na kuliongeza mwanga ni kazi nyingine kabisa, hata likiandikwa HD. Faili la yule kijana lilitoka kwenye kanda, kanda ilitoka kwenye nakala ya televisheni, na nakala ya televisheni ilitoka kwenye nakala ya sinema. Ukubwa wa picha uliongezwa mwishoni, wakati vilivyokuwemo vilishapotea njiani.

Aliyewahi kutoa kopi ya cheti steshenari anajua jambo hili. Kopi ya kwanza inasomeka vizuri. Kopi ya kopi, muhuri unaanza kufifia. Kopi ya tano, sahihi ya mkuu wa shule imekuwa doa. Huwezi kuipata sahihi ile kwa kuikuza kopi ya tano. Lazima urudi kwenye cheti.

Sasa cheti cha katuni ni kipi? Katuni za zamani zilichorwa kwa penseli kwenye karatasi, kisha michoro ikanakiliwa kwa wino kwenye karatasi angavu za seluloidi, ambazo wenyewe waliziita seli. Rangi ilipakwa upande wa nyuma wa seli ili isiufunike wino. Seli ikalazwa juu ya mandhari iliyochorwa, ikagandamizwa kwa kioo, picha moja ikapigwa. Seli ikaondolewa, ikaja nyingine. Sinema hupita kwa fremu 24 kila sekunde, hivyo katuni ya dakika saba ina fremu 10,080. Mara nyingi mchoro mmoja ulipigwa fremu mbili, lakini hata hivyo ni maelfu ya michoro, na kila mmoja ulipita mikononi mwa watu kadhaa. Mkanda uliotoka kwenye kamera hiyo, yaani negativu ya kwanza, ndio cheti.

Tatizo ni kwamba mikanda hiyo haikutengenezwa idumu. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu za sinema zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachowaka upesi kupita kiasi, na kikishawaka kinajitengenezea oksijeni yake chenyewe, kwa hiyo kinaendelea kuungua hata ndani ya maji. Mwaka 1937 ghala la filamu huko Little Ferry, New Jersey, liliungua, na sehemu kubwa ya filamu bubu za kampuni ya Fox ikaishia hapo. Hata isipoungua, naitreti huoza: hunata, hutoa povu, mwishowe hubaki unga. Asetati iliyokuja baada yake haiwaki hivyo, lakini ina ugonjwa wake. Ikianza kuharibika hutoa harufu ya siki, hujikunja na kusinyaa.

Ndiyo maana mrejeshaji huanza kazi yake ghalani. Anauliza ipo negativu ya kwanza? Kama haipo, kuna nakala iliyotolewa moja kwa moja kutoka kwayo? Kama hiyo nayo haipo, kuna jumba gani la sinema au mkusanyaji gani aliyebaki na nakala ya kuonyeshea? Mara nyingi katuni moja inaunganishwa kutoka kwenye mikanda miwili au mitatu. Studio ya Warner Bros. ya Marekani, kwa mfano, walipozitoa upya katuni zao nyingi kwa ajili ya majumba ya sinema walikata utangulizi wa asili wenye majina ya wasanii na kuweka mwingine mfupi. Leo kuupata utangulizi ule wa kwanza ni furaha kubwa kwetu wakusanyaji, na kwangu mimi ni haki pia. Yule aliyechora paka akikimbia alistahili jina lake libaki.

Kuhusu rangi kuna jambo ambalo nilipolijua niliacha kuzitazama katuni hizi kama zamani. Mwaka 1932 Walt Disney alitoa Flowers and Trees, katuni ya kwanza iliyotumia Technicolor, mfumo wa kupiga filamu kwa rangi tatu kamili, na hadi 1935 studio yake pekee ndiyo iliyoruhusiwa kuitumia kwenye katuni. Negativu ya katuni za namna hiyo haina rangi hata kidogo. Ni mkanda mweusi na mweupe. Kila mchoro ulipigwa mara tatu mfululizo kwenye mkanda uleule: mara moja kupitia kichujio chekundu, mara moja cha kijani, mara moja cha bluu. Kwa hiyo katuni ya dakika saba ilikula fremu zaidi ya 30,000, na rangi zilizaliwa baadaye, pale picha hizo tatu zilipounganishwa kwenye nakala ya kuonyeshea.

Matokeo yake ni makubwa. Picha nyeusi na nyeupe imeundwa kwa fedha, madini yenyewe, na fedha haipauki kama rangi inavyopauka. Kuanzia 1950 ikaja Eastmancolor, filamu ya bei nafuu zaidi ambayo rangi zote zimo ndani ya mkanda mmoja, na rangi hizo zilipauka. Bluu na kijani zilikwenda, picha ikabaki ya waridi. Ndiyo maana katuni ya mwaka 1940 inaweza kurudi na rangi zilizokoza kuliko ya 1960. Faida ya pili ni kwamba, kwa kuwa picha zote tatu zipo kwenye mkanda mmoja, unaposinyaa zinasinyaa pamoja, na kuzilinganisha tena ni rahisi kuliko zingekuwa kwenye mikanda mitatu tofauti.

Sisi wa Kigoma tuna mfano wetu wa kulielewa hilo, upo bandarini. Meli ya Liemba, enzi hizo ikiitwa Graf von Goetzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili isiangukie mikononi mwa maadui zao. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na 1927 ikarudi ziwani kwa jina jipya. Negativu zile nyeusi na nyeupe zilifanya kazi ya grisi ile, ingawa waliozipiga hawakuwa na habari kwamba sisi tungekuja kuzihitaji.

Ila mfano wa Liemba una mpaka wake, na mpaka huo unatusaidia kutenganisha maneno mawili. Miaka ya 1970 meli ile ilitolewa mitambo ya mvuke ikawekewa injini za dizeli. Huko ni kukarabati, na kwa meli ni sawa, kwa sababu kazi yake ni kubeba watu na mizigo. Ukiitoa katuni rangi zake ukaiwekea zako, hata ziwe nzuri kiasi gani, umetengeneza katuni yako.

Usafishaji wenyewe hufanyika hivi. Mkanda unakaguliwa kwa mkono, viungio vilivyoachia vinabandikwa, matundu ya pembeni yaliyoraruka yanatengenezwa. Unaoshwa. Kisha unapitishwa kwenye skana, fremu moja baada ya nyingine. Ipo skana ambayo mkanda hupita ndani ya kimiminika maalumu kinachojaza mikwaruzo, mwanga ukapita kana kwamba mkwaruzo haupo. Kwa filamu za rangi kuna mbinu ya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao hupenya rangi lakini hauwezi kupenya vumbi, hivyo kompyuta inaonyeshwa vumbi liko wapi. Kwenye negativu za fedha mbinu hiyo haifanyi kazi, maana fedha nayo huuzuia mwanga huo. Hapo linabaki jicho la mtu. Snow White and the Seven Dwarfs ya 1937 ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuingizwa yote kwenye kompyuta, kurekebishwa humo na kurudishwa tena kwenye filamu, mwaka 1993.

Kompyuta ina kosa moja ambalo mimi huliona baya kuliko michirizi yote. Programu ya kufuta uchafu hutafuta kitu kinachotokea kwenye fremu moja na kutoweka inayofuata, kwa sababu vumbi hufanya hivyo. Lakini mkono wa mhusika anayekimbia hufanya hivyohivyo. Mchoraji aliuvuta kuwa mstari mrefu kwa fremu moja tu ili jicho lihisi kasi, na programu ikiachwa bila msimamizi huufuta. Nina diski niliyoinunua kwa akiba ya miezi, yenye neno "zimerejeshwa" kwenye kava, na ukisimamisha picha panapo mbio unakuta vidole vimekatika, masharubu hayapo, mistari ya wino imeliwa nusu. Niliumia. Mtu alikaa akachora vidole vile.

Wakusanyaji tunabishana pia kuhusu vumbi lililoangukia seli siku ile ya kupiga picha, likagandamizwa chini ya kioo na kupigwa pamoja na mchoro. Hilo halikuletwa na miaka, lilikuwemo tangu siku ya kwanza. Wapo warejeshaji wanaolifuta kwa hoja kwamba wachoraji wangelifuta kama wangeweza. Mimi ningeliacha, pamoja na kivuli chembamba ambacho seli huangusha juu ya mandhari. Kivuli kile kinakuonyesha kuwa kuna karatasi, kuna meza, kuna mtu.

Sauti nayo hurejeshwa. Katika katuni 114 za Tom and Jerry walizotengeneza William Hanna na Joseph Barbera kati ya 1940 na 1958, kuna mwanamke Mweusi ambaye kwa kawaida huonekana miguu tu, anayetunza nyumba anamoishi paka. Sauti yake ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji Mwafrika Mmarekani. Baadaye nakala nyingi za televisheni ziliifuta sauti yake na kuweka nyingine. Mhusika yule alichorwa kwa dhihaka dhidi ya watu wanaofanana na sisi, na katuni nyingine za enzi hizo ni mbaya zaidi. Hata hivyo naona ni heri ziwepo kamili, na maelezo mwanzoni, kwa watu wazima wanaojua wanatazama nini, kuliko mwigizaji yule kufutwa kana kwamba hakufanya kazi. Mwaka 2013 juzuu ya pili ya mkusanyiko wa Tom and Jerry kwa Blu-ray, diski yenye picha safi kuliko DVD, ilisitishwa baada ya wakusanyaji kulalamika kwamba katuni mbili zenye dhihaka ya namna hiyo zilikuwa zimeachwa nje. Watoto wangu siwawekei hizo. Kwenye rafu yangu nazitaka.

Ukitaka kuagiza, angalia namba ya kanda ya dunia kwenye kava. DVD za Tanzania ni namba 5 na za Marekani ni 1, kwa hiyo deki ya kawaida itazikataa. Kwa Blu-ray sisi tuko herufi B, Wamarekani A. Diski za 4K hazina kizuizi hicho.

Kasi pia itakushangaza kama ulikulia kwenye kanda. Mfumo wetu wa PAL uliendesha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo katuni ya dakika saba iliisha sekunde 17 kabla ya wakati wake, na muziki ulipanda kidogo. Kwenye Blu-ray inakwenda mwendo wake, na mara ya kwanza utaona kama imechelewa.

Diski ikishaingia, fungua mipangilio ya TV yako uzime kile kinacholainisha miondoko, maana kinabuni fremu ambazo hakuna aliyezichora, na upunguze ukali wa picha. Usiivute picha ijaze kioo chote. Katuni nyingi za kabla ya miaka ya 1950 zina umbo la karibu mraba, na nafasi nyeusi kushoto na kulia ni haki yake. Ukiona paka amenenepa ghafla na mwezi umekuwa yai, kuna mtu ameshika rimoti.