Mchele hauokoi laptop iliyolowa

Laptop ikimwagikiwa maji kwenye kivuko cha Kamanga, Mwanza, ushauri wa kwanza utakaousikia ni kuifukia kwenye mchele. Usifanye hivyo. Mchele haunyonyi maji yaliyojificha chini ya chipu, na muda wote huo betri inaendelea kupitisha umeme kwenye unyevu na kuozesha njia za shaba za bodi. Umeme ndio unaoua mashine haraka kuliko maji.

Chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 hivi hadi izime, fungua mfuniko wa chini, uchomoe betri. Usiiwashe "kuona tu kama inawaka". Kutu ya kijani au nyeupe kwenye bodi husuguliwa taratibu kwa brashi laini na spiriti ya isopropili.

Mafaili yamo kwenye diski. SSD ya M.2, diski ndogo bapa isiyozunguka, hushikwa na skrubu moja. Itoe, ikauke kabisa, iweke kwenye kasha la USB linaloifaa (NVMe na SATA, aina mbili za diski hizo, si kitu kimoja), unakili kwenye kompyuta nyingine. Ikidai ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kulinda diski, angalia akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Diski ya kuzunguka iliyoingia maji usiiwashe kabisa. Mpelekee mtaalamu wa kuokoa data.