Nimelipia, bwana wakili

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, alinijia kijana mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira huku mtaa wa Langoni, Lamu, bahasha kwapani. Akatoa karatasi nne akazipanga mezani: kibali cha biashara cha kaunti, leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, risiti ya mirabaha ya muziki, na ujumbe wa simu aliouchapisha kuonyesha kuwa dikoda yake imelipiwa hadi mwisho wa mwezi.

"Nimelipia, bwana wakili. Hakuna nisichokilipia. Sasa hawa wenye matangazo ya mpira wanaotaka kunishtaki wanadai nini?"

Neno hili "nimelipia" nimelisikia Lamu, nimelisikia kwenye korido za mahakama ya Malindi, nimelisikia hata kwa wenye hoteli za Shela walio na mawakili wao Nairobi. Limenichosha. Watu hawa si wezi; kijana huyu ana risiti kuliko duka la jumla. Ila hakuna hata mmoja aliyejiuliza amelipia nini.

Basi tuzisome. Kibali cha kaunti kinakuruhusu kufanya biashara katika jengo lile. Leseni ya Bodi inatokana na sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, na shabaha yake ni kujua watu, hasa watoto, wanaonyeshwa nini. Risiti ya mirabaha inahusu nyimbo. Na dikoda? Mkataba wake, ukiusoma ukurasa ambao hakuna aufunguaye, unasema ni wa nyumbani: wewe, mke wako, watoto na wageni wako. Karatasi nne, na hakuna hata moja inayozungumza na mwenye matangazo.

Matangazo yana hakimiliki yake yenyewe. Watu wanadhani hakimiliki ni ya vitabu na nyimbo, na kwamba mpira ni mpira tu. Ni kweli mechi yenyewe si kazi ya sanaa. Wachezaji ishirini na wawili wakikimbilia mpira hawajaandika kitu. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 29, inampa mrushaji haki ya kuzuia watu kurekodi matangazo yake, kuyarusha upya na kuyawasilisha kwa umma, yote au sehemu yake kubwa. Haki hiyo hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka yaliporushwa. Tena ndani ya matangazo hayohayo mna vitu vingine vyenye wenyewe: filamu fupi ya utangulizi, wimbo wa mashindano, michoro ya alama za magoli.

Hapa ndipo huletewa habari za mama wa Portsmouth. Kila mtu amesikia kipande chake. Karen Murphy alikuwa na baa huko Uingereza, akanunua kadi ya dikoda ya Ugiriki kwa kuwa ilikuwa rahisi, akaonyesha mechi za ligi ya kwao. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kuzuia kadi hizo kuvuka mipaka kunavunja uhuru wa huduma katika soko la Ulaya. Hapo msimulizi hunyamaza, akaniangalia kwa ushindi. Sehemu ya pili ya hukumu hiyohiyo haifiki Lamu: kwamba wimbo, utangulizi na michoro ni kazi zenye hakimiliki, na kuzionyesha kwa wateja wa baa ni kuwasilisha kwa umma, jambo linalohitaji ruhusa ya mwenyewe. Halafu sisi hatumo katika soko la Ulaya. Kadi iliyoletwa kutoka nchi nyingine haikingwi na hukumu ile, hata ukiisoma kwa sauti ya kadhi.

Hoja ya pili: "Sikulipisha kiingilio." Hii naiheshimu zaidi, kwa sababu ina mzizi. Mkataba wa kimataifa wa Roma wa 1961, kifungu cha 13, unapotaja kuonyesha matangazo ya televisheni hadharani, unasema mahali penye kiingilio. Mwaka 2017 mahakama ileile ya Ulaya ikaamua kuwa bei ya chumba cha hoteli si kiingilio, ingawa mna televisheni chumbani. Kwa hiyo mtu anayeuza chai tu ana la kusema, na siwezi kumwambia amepotea kabisa. Lakini hoja hiyo inagusa haki ya mrushaji peke yake. Filamu na wimbo vilivyomo ndani havingojei kiingilio. Na yule kijana wangu, chai ya kawaida anaiuza bei moja, siku ya mechi bei mara tatu. Akinipeleka mbele ya hakimu niseme hicho si kiingilio, nitasema, lakini macho yangu yatakuwa chini.

Na baraza ya nje ya nyumba? Televisheni imegeuzwa dirishani, jirani wanane wamekaa nje, mechi inaendelea. Je, huo ni umma? Sheria inaruhusu matumizi binafsi lakini haitaji idadi. Vitabu vya chuo huiruka aya hii haraka. Wanane ni jirani. Hamsini? Kwa mitaa yetu, ambapo ukuta wa nyumba hii ndio ukuta wa nyumba ile na nusu ya waliokaa ni binamu, mpaka baina ya nyumbani na hadharani hauko pale walipoudhania walioandika sheria. Mimi ningetetea baraza kwa moyo wote. Sina hakika ningeshinda.

Sasa lile linalonikera kuliko yote: "Ni chini ya sekunde thelathini, kwa hiyo inaruhusiwa." Na nduguye: "Nimeandika chini kuwa sina nia ya kuvunja hakimiliki." Hakuna sekunde thelathini. Hazimo katika sheria yetu, hazimo katika sheria ya Marekani ambako watu wanadhani zimetoka. Marekani wana kanuni ya matumizi ya haki, kifungu cha 107 cha sheria yao ya 1976, na mahakimu wao hupima mambo manne: unatumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya namna gani, umechukua kiasi gani, na umeharibu vipi soko la mwenyewe. Mlango wao uko wazi. Lolote linaweza kuingia likipita mizani hiyo. Wetu ni mlango wenye orodha. Sheria ya Kenya inataja madhumuni: utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki, kuripoti matukio ya sasa kwa kutaja chanzo. Kama unalofanya halimo katika orodha, sekunde tano ni nyingi. Kama limo, basi unachukua kiasi kinachostahiki dhumuni lako, na dakika mbili huenda zikawa halali. Mwandishi anayeonyesha bao kwenye habari za saa moja yumo. Kijana anayekata mabao yote ya wiki, akayapandisha YouTube na muziki juu yake ili apate wafuasi, hayumo, hata aandike maneno ya kuomba radhi ukurasa mzima. Kukiri kuwa kitu si chako hakukufanyi uwe umepewa.

Kwa upande wa filamu, mengine nayapita upesi. Kupiga picha ya filamu mlango wa kuchonga unaoonekana na wapita njia: inaruhusiwa. Mchoro uliotokea nyuma kwa bahati: inaruhusiwa. Shule kutumia kazi kwa kufundishia: inaruhusiwa, na nakala iharibiwe, kwa kawaida kabla ya miezi 12.

Hili la shule lina mwiba. Mwalimu mmoja alitaka kukata vipande vya filamu ili afundishe fasihi. Diski imefungwa kwa kufuli ya kidijitali. Kifungu cha 35 cha sheria yetu kinasema kuvunja kufuli hiyo ni kuvunja hakimiliki, na vilevile kutengeneza au kusambaza vifaa vya kuivunjia. Kwa kifungu hicho vijisanduku vya intaneti vinavyouzwa vikiwa na stesheni zote za dunia havina utetezi, sibishani na mtu. Lakini mwalimu? Mkono mmoja wa sheria umempa ruhusa ya kunakili, mkono wa pili umeufunga mlango ambao nakala imo ndani. Marekani, tangu sheria yao ya 1998, kila baada ya miaka mitatu hukaa kupitia nani asamehewe kuvunja kufuli, na walimu wa filamu wamo katika waliosamehewa. Huku kwetu sijaona kikao cha namna hiyo. Nilimwambia mwalimu aelekeze kamera kwenye kioo cha televisheni, arekodi kile kinachoonekana. Sijaridhika na jibu hilo mpaka leo.

Turudi kwa kijana wa Langoni. Aliniuliza walimjuaje, maana hakuna mgeni aliyeingia. Nikamuuliza kama ameshawahi kuona katikati ya mechi tarakimu zikitokea kwenye kioo, zikakaa sekunde chache, zikapotea. Akacheka: wateja humwambia dikoda imeharibika. Zile tarakimu ndizo utambulisho wa kadi yake. Mtu mmoja akipiga picha kwa simu akaiweka mtandaoni, jina la mlipaji limepatikana.

Nimemwandikia barua kwa wenye matangazo, ya kuomba mkataba wa biashara. Bei walizomtajia kwa simu zinazidi anachokipata kwa miezi miwili ya chai, na katika orodha ya sheria hakuna mstari unaomtaja mtu mwenye ukumbi wa mabati na viti vya kukodi. Tunangoja jibu. Jumamosi ukumbi ulikuwa umefungwa. Wateja wake walihamia baraza ya jirani mwenye televisheni dirishani. Nilipopita kwenda kuswali magharibi nilihesabu arubaini na tatu.