Je, wajua kwa nini viazi vyeusi vya sokoni Bolivia havijaoza?

Kila Alhamisi na Jumapili, mitaa ya El Alto, mji ulio juu ya La Paz nchini Bolivia, hugeuka soko moja kubwa. Kwenye magunia ya akina mama utakuta vitu vyeusi vilivyokunjamana, vyepesi ajabu, vikigongana vinalia kama kokoto. Ni viazi mviringo, navyo huitwa chuño. Pembeni yake kuna vyeupe pe, tunta.

Mgeni huamua hapo hapo kwamba vile vyeusi vimeoza. La hasha. Weusi huo ni uleule unaoanza kuonekana ukimenya kiazi ukakiacha bila kukitia majini. Dhana ya pili ni ngumu kuing'oa, kwa sababu ina mantiki: kwamba vimeanikwa tu juani, kama tufanyavyo na makopa ya mihogo. Lakini makopa huanikwa yakiwa yamemenywa. Kiazi kizima ukikianika na ganda lake kitageuka kijani, kitachipua, au kitaoza kweli. Ganda linazuia maji yasitoke, na ndani kila seli ina utando unaoyashikilia. Jua peke yake halina ubavu huo. Kazi kubwa hufanywa na baridi.

Mwezi wa Juni na Julai, usiku kwenye nyanda za juu za milima ya Andes, karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, joto hushuka chini ya nyuzi 0. Wakulima hutandaza viazi vidogo uwanjani vigande. Maji yakiwa barafu ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9, na vipande vya barafu hupasua zile seli. Ukitaka kuliona hilo, tia nyanya nzima kwenye friza usiku mmoja, kisha iache iyeyuke. Haijakatwa wala kupondwa, lakini imelegea chapachapa na maji yanachuruzika. Kiazi nacho huwa hivyo baada ya siku chache za kuganda usiku na kuyeyuka mchana. Ndipo familia huvikusanya mafungu mafungu na kuvikanyaga pekupeku, maji yakatoka na maganda yakabanduka. Baada ya hapo jua linamalizia. Kwa kuwa karibu sehemu 4 kati ya 5 za kiazi ni maji, kinachobaki ni kidogo sana, na kikikaa pakavu hudumu miaka.

Vingi kati ya viazi hivi ni vya aina ya luki, inayostahimili baridi kali lakini ni chungu, yenye sumu ya jamii ileile iliyomo kwenye kiazi kilichogeuka kijani. Kwa hiyo tunta hulowekwa mtoni wiki kadhaa, uchungu ukaenda na maji. Chuño cheusi hakilowekwi hivyo. Kukanyagwa hupunguza sumu, hakuimalizi, na ladha yake hubaki nzito.

Wainka, waliotawala Andes kabla ya Wahispania, walikijaza katika maghala yao. Karne ya 16, Pedro Cieza de León, Mhispania aliyeandika habari za Peru, aliandika kwamba Wahispania wengi walitajirika kwa kupeleka chuño tu kwenye machimbo ya fedha ya Potosí.

Ukikinunua, kiloweke usiku kucha, kikamue, kisha ukichemshe. La Paz hukitia kwenye chairo, supu nzito ya nyama na mboga, na humo hunyonya mchuzi kuliko kiazi kibichi kiwezavyo, kwa kuwa seli zake zilikwisha kupasuka.