Msongo umepita, kizunguzungu kimebaki

Nilimuuguza mama miezi minane mpaka akapata nafuu. Sasa nyumbani kumetulia, lakini huu ni mwezi wa tano nina kizunguzungu karibu kila siku. Dunia haizunguki, ni mimi ninayeyumba kama nimeshuka kwenye boti sasa hivi. Nimepima presha, sukari na wingi wa damu, vyote viko sawa. Nina nini?

Pole sana dada yangu kwa kuuguza, na hongera kwa mama kupata nafuu. Hilo la boti nalisikia mara kwa mara kutoka kwa wagonjwa wanaoletwa kwetu fiziotherapia. Lipo tatizo linalofanana sana na maelezo yako. Mwaka 2017 Jumuiya ya Bárány, ambayo ni ya wataalamu wa kizunguzungu wa nchi mbalimbali, ilitoa vigezo vyake: kizunguzungu au kuyumba siku nyingi za mwezi, kwa miezi 3 au zaidi, na hali inazidi ukisimama, ukitembea, au macho yakikutana na vitu vingi vyenye mwendo. Shirika la Afya Duniani nalo limeliingiza kwenye orodha yake ya magonjwa. Mimi huliita kizunguzungu sugu cha mizani. Kama ndilo lako, atathibitisha daktari atakayekuona kwa macho yake.

Kwa hiyo ni mawazo tu?

Hapana, na hiyo "tu" imewaumiza watu wengi. Mwili unajua umesimama wima kwa habari zinazotoka sehemu tatu: sikio la ndani, macho, na nyayo pamoja na maungio. Ubongo unazilinganisha muda wote bila wewe kujua.

Sasa fikiria miezi ile minane. Unalala sikio likiwa wazi, ukisikiliza kama mama anapumua. Shingo imekaza, chakula unakula umesimama. Mwili wa mtu wa namna hiyo uko lindoni usiku na mchana. Kisha linatokea jambo moja: sikio la ndani linashambuliwa na virusi, presha inashuka unapoamka, au unashikwa na hofu kali, moyo unakwenda mbio. Kichwa kinazunguka kweli. Ubongo unajihami: unayategemea macho kupita kiasi, unakaza miguu, unafupisha hatua. Kwa wengi kujihami huko kunaisha baada ya siku chache. Kwa wengine kunabaki hata baada ya hatari kuondoka, na huko kubaki ndiyo ugonjwa wenyewe. Kipimo cha damu hakiwezi kuuonyesha, wala picha ya kichwa.

Mbona sokoni ndiyo hali inakuwa mbaya kabisa?

Kwa sababu macho yamebebeshwa kazi isiyo yao. Kariakoo watu wanapishana, vitenge vimetundikwa pande zote, mkokoteni unapita huku na bodaboda kule. Macho yanaupa ubongo habari kwamba kuna mwendo, nyayo zinasema umesimama, na ubongo unayaamini macho.

Kuna mama mmoja alikuwa akitembea vizuri kwenye korido yetu ya vigae vyeupe. Siku moja nikatandika kitenge cha maua madogo madogo sakafuni, nikamwomba apite juu yake. Hatua ya pili akashika ukuta. Nilipotazama miguu yake, vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya kandambili kama mtu anayevuka tope. Hakuwa anaigiza.

Wakati mwingine midomo na vidole vinakufa ganzi. Ni kiharusi?

Ganzi inayokuja pande zote mbili pamoja na hofu mara nyingi inatokana na kupumua haraka haraka. Ukipumua hivyo unatoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa kidogo, na kichwa kinakuwa chepesi. Kaa chini, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, kwa dakika chache.

Lakini uso ukipinda, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea au kufa ganzi, maneno yakivurugika, ukiona vitu viwili viwili, ukishindwa kabisa kutembea, au kichwa kikiuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, nenda hospitali muda huohuo. Kuzimia, maumivu ya kifua na sikio kuziba ghafla navyo si vya kusubiri kesho.

Duka la dawa wamenipa sinarizini. Niendelee nayo?

Dawa hiyo inasaidia siku chache za mwanzo, kichwa kinapozunguka na kutapika juu. Ukiimeza miezi inauchelewesha ubongo kujizoesha upya, na matumizi ya muda mrefu yanaweza kuleta mikono kutetemeka na mwili kukakamaa, hasa kwa wazee. Zungumza na daktari namna ya kuiacha. Mwambie pia dawa zote unazotumia, za presha na za usingizi zikiwemo, maana baadhi zinaleta kizunguzungu zenyewe. Na kama kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, usirudie mseto kwa kubahatisha.

Basi nifanye nini?

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapowaona watu wakipona. Kila unapokwepa mwendo, ukilala mchana kutwa, ukishika kuta, ubongo unazidi kuamini kwamba kusimama ni hatari. Tunaufundisha upya, kidogo kidogo.

Bandika ukutani karatasi yenye herufi moja kubwa, usawa wa macho. Simama mbele yake, kiti kikiwa karibu. Huku umeikazia macho, geuza kichwa kulia na kushoto, polepole, kwa nusu dakika. Kizunguzungu kitaamka kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kikitulia baada ya dakika kumi na tano hivi, kipimo kinakufaa. Kikikulaza siku nzima, punguza. Rudia mara mbili tatu kwa siku, kisha ongeza kasi kadiri unavyozoea.

Tembea kila siku, macho mbele, mikono ikiwa huru. Sokoni anza asubuhi kabla hapajajaa, nunua nyanya, rudi. Wiki inayofuata kaa zaidi. Hesabu kwa miezi, kwani kuna siku utarudi nyuma, hasa ukikosa usingizi au ukishinda na chai kavu.

Ushauri wa kisaikolojia unasaidia sana hofu inapokuwa imeshika mizizi. Madaktari pia hutumia dawa za sonona na hofu, kama setralini, kwa kipimo kidogo. Zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Ukipenda kuombewa, ombewa, na mazoezi endelea nayo.

Mume wangu hataki nitoke peke yangu. Anakosea?

Anakupenda, na ana hofu yake. Mwombe atembee kando yako bila kukushika mkono. Jioni, badala ya kukuuliza "kizunguzungu kikoje?", akuulize leo umefika wapi.