Mafunzo ya uongozi yaanzie pale kazi inapokwama

Ninafundisha wamiliki na wasimamizi wa biashara ndogo na za kati. Kuna jambo ninalolishikilia kuliko yote katika kazi hii: semina nyingi za uongozi hazizai matunda kwa sababu zinafundisha mambo mengi mno. Tazama ratiba ya semina ya siku tatu. Asubuhi dira na dhamira, mchana masoko, kesho yake rasilimali watu, huduma kwa wateja, kodi, kisha mpango mkakati. Kila mada ina umuhimu wake. Lakini mwenye karakana ya samani akirudi kazini Jumatatu anazikuta oda zilezile zimechelewa, na hajui katika yote aliyofundishwa aanze na lipi.

Ushahidi ninaourudia mara kwa mara unatoka India. Kuanzia mwaka 2008, Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walifanya utafiti kwenye makampuni 17 ya kufuma nguo karibu na Mumbai, yenye jumla ya viwanda 28. Hayakuwa makampuni machanga. Kwa wastani kila moja lilikuwa na wafanyakazi wapatao 270. Kundi moja lilipewa washauri wa Accenture, kampuni ya kimataifa ya ushauri, bila malipo: mwezi mmoja wa kuchunguza, kisha miezi minne ya kusaidiwa kutekeleza pale pale kiwandani. Kundi la pili lilifanyiwa uchunguzi tu.

Kilichokutwa humo, yeyote aliyewahi kuingia stoo ya kiwanda chetu chochote atakitambua. Nyuzi zimerundikana bila mpangilio, nyingine zimeharibika kwa unyevu, na kwa kuwa hakuna anayejua kilichopo, zinaagizwa nyingine. Mashine zinashughulikiwa zikishaharibika. Vitambaa vinatoka na kasoro, na watu wengi wanalipwa kwa kukagua majora na kuyarekebisha, lakini hakuna anayekaa kuchambua kasoro hizo zinatoka mashine ipi, kwa mfumaji yupi, kwenye mtindo upi. Mwenye mali analalamika kwamba wafanyakazi hawana umakini. Huenda ni kweli, ila bila daftari la kasoro hawezi kujua ni nani wala ni wapi.

Washauri walikuja na taratibu 38, nyingi zikiwa za kawaida kabisa. Kasoro ziandikwe kila siku. Wasimamizi wakutane kila siku kuzitazama. Nyuzi zipangwe na ziwekewe alama. Mashine zihudumiwe kwa ratiba. Katika mwaka wa kwanza tija ilipanda kwa asilimia 17, kasoro zikapungua sana, na mtaji uliokuwa umelala stoo ukaanza kufunguka. Kilicholeta hayo ni taratibu, si mashine mpya.

Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo. Mimi naona sehemu yenye faida zaidi kwa mkufunzi ni iliyofuata. Watafiti walirudi kwenye viwanda hivyo mwaka 2017 na kukuta karibu nusu ya taratibu zilizoanzishwa zimeachwa, ingawa viwanda vilivyofundishwa bado vilikuwa mbele ya vile vingine. Sababu kubwa walizozieleza zilikuwa mbili: meneja wa kiwanda aliyefundishwa aliondoka, au wakurugenzi walibanwa na mambo mengine wakakosa muda wa kufuatilia. Kwa maoni yangu, hakuna kiongozi anayeweza kusimamia mambo 38 kila siku huku akihangaika na umeme, mikopo na wateja. Kitakachobaki ni kile kilichopewa saa yake, mtu wake na daftari lake.

Kwa biashara ndogo kabisa, ushahidi ninaoupenda ni wa Jamhuri ya Dominika. Wateja wa taasisi ya mikopo ya ADOPEM, mjini Santo Domingo, waligawanywa. Baadhi walifundishwa uhasibu wa kawaida, na wengine wakapewa kanuni chache rahisi, kuu ikiwa hii: fedha za nyumbani droo yake, fedha za biashara droo yake, na ukihamisha kutoka moja kwenda nyingine acha karatasi inayosema umechukua kiasi gani. Waliofundishwa uhasibu hawakuonyesha mabadiliko ya maana. Waliopewa kanuni walianza kutenganisha fedha na kutunza kumbukumbu, na hata mauzo yao katika wiki mbaya yakawa na nafuu. Kwetu leo droo hizo ni laini za simu. Mama anayeuza vitenge akipokea malipo ya wateja kwenye laini ileile anayolipia ada ya mtoto na kutuma hela kijijini, hawezi kujua kama biashara inampa au inamla. Kwa mtu wa namna hiyo, sina somo la kumpa kabla ya kutenganisha laini.

Hili la kufundisha kidogo kwa kina si geni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilikuwa na viwanda vilivyojaa wafanyakazi wapya na wasimamizi wasiojua kufundisha. Mpango wa Training Within Industry (mafunzo ndani ya kiwanda), ulioanza 1940 na kufungwa 1945, uliwafikia wasimamizi zaidi ya milioni moja na nusu. Kila kozi ilikuwa ya saa 10 tu. Ile ya kufundisha kazi ilikuwa na hatua nne: mwandae mtu, muonyeshe kazi, mwache aifanye mbele yako, kisha mfuatilie. Baada ya vita mpango huo ulipelekwa Japani, na Toyota wakauchukua.

Kwa hiyo siku ya kwanza na mteja wangu hatuingii darasani. Naomba kufuata oda moja kutoka pale mteja anapoitoa hadi fedha inapoingia mkononi, na natazama inasubiri wapi zaidi. Kwenye karakana za samani hali hii inajirudia sana: mbao zipo, wa kukata na kuunga wapo, vitanda vimejaa uani, vyote vinasubiri msasa na vanishi za fundi mmoja. Mwenye karakana ameniita nimfundishe masoko, kwa kuwa mwezi huu fedha hazionekani. Nikimfundisha masoko nitamwongezea foleni uani na wateja waliokwishatoa kianzio watamjia juu. Anachohitaji ni fundi wa pili wa vanishi, aliyefundishwa kwa zile hatua nne, pamoja na ubao unaoonyesha oda ipi imeingia lini na ipi itangulie. Masoko yatakuja, baada ya vitanda kuanza kutoka.

Duka la jumla mara nyingi linakwama kwingine: mali inatoka kwa mkopo na fedha hazirudi. Pale namba ya kutazamwa kila jioni ni madeni, yaliyopangwa kwa umri, yaani kila deni limekaa siku ngapi, na si mauzo. Kwenye mgahawa natazama chakula kinachobaki.

Tukishapaona pale panapokwama, napanga na mwenye biashara mambo matatu tu: namba moja ya kuandikwa kila siku, kikao kifupi cha kuitazama wakiwa wamesimama, na watu wawili wanaojua kuiandika. Wawili, kwa sababu ya yale ya Mumbai. Meneja ataondoka siku moja, na daftari lisiondoke naye.

Kama umeombwa kulipia mafunzo ya wasimamizi wako, muulize mkufunzi: ni namba gani kwenye biashara yangu unatarajia ibadilike, nani ataiandika, na utarudi lini kuiangalia? Akikujibu kwa orodha ya mada, mwombe aje kwanza kuiona kazi inavyofanyika kabla hamjazungumza bei.